Fundi na Vita vya Bonde la Chumvi

Katika miaka yote niliyouza vitenge ubavuni mwa kibaraza chake, sikuona hata nguo moja ya Fundi ikitoka siku aliyoiahidi. "Ijumaa, inshallah," alimwambia kila mteja. Mteja akija Ijumaa na kukuta kitambaa chake kimekunjwa vilevile alivyokileta, Fundi alimtazama kwa mshangao wa dhati. "Kwani nilisema Ijumaa ipi?"

Lakini hadithi yake haikuchelewa hata siku moja. Watu wakisharudi kuswali alasiri, alikaa kwenye cherehani, akaweka miguu juu ya pedeli, na kabla sindano haijagusa kitambaa aliuliza, "Tuliwaacha wapi?" Benchi zima likajibu kwa pamoja kama darasa. Waliokuja kusikiliza walikuwa wengi kuliko waliokuja kushonewa, na wengine, naamini, walileta vitambaa ili tu wapate haki ya kukaa.

Hii ilikuwa Biryogo, mtaa wa Kigali ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya kubembelezana na Kinyarwanda lugha ya kugombana, au kinyume chake, kutegemea umeingia nyumba gani. Vita vya kweli vilikuwa vimeanza kule kaskazini mwaka tisini. Redio zilisema yao, watu wakaanza kuteremsha sauti wakiona mtu wasiyemfahamu anapita. Sijui kama ndiyo sababu Fundi alianzisha vita vyake mwenyewe. Nilipomwuliza hadithi ile aliitoa wapi, alikasirika kidogo. "Sikuitoa popote, Mama Saidi. Ilikuwepo."

Ilihusu nchi ambayo haipo. Kulikuwa na Malkia wa Maziwa Mawili, na mwanawe Jabiri, ambaye upanga wake ulilia kabla ya vita kama mtoto anayeota jino. Kulikuwa na Mfalme wa Moshi aliyeishi ndani ya mlima na ambaye hakuna aliyewahi kumwona ila pua. Mfalme huyo alikuwa na farasi wanaolishwa makaa, ndege wa mawe, na majitu yenye kiu isiyokatika. Jitu moja likiinama mtoni, wanawake wa kijiji cha chini walirudi nyumbani na mitungi mitupu.

Vita vyenyewe Fundi alivipigana juu ya meza ya kukatia nguo. Vifungo vyeupe vilikuwa jeshi la Jabiri, vyeusi jeshi la Moshi. Tepu ya kupimia ilikuwa mto. Mlima wa Moshi ulikuwa pasi yake ya mkaa, na siku nyingine ulifuka moshi wa kweli, watu wakakohoa na kusema, "Leo Mfalme kaamka vibaya." Ndiyo maana ukikutana na mwanamume mtaani Nyamirambo ana shati lisilo na kifungo cha tatu, huna haja ya kuuliza alishonewa wapi. Kifungo kilikuwa vitani.

Jemadari huyu mkubwa aliogopa kuku. Si kuogopa kwa utani, alikuwa anatetemeka. Siku moja, katikati ya kuuzingira mji, kuku wa jirani aliruka juu ya meza ya kukatia akaanza kudonoa vifungo. Fundi aliingia dukani kwangu kwa kasi ambayo sikudhani miguu yake inayo, akajificha nyuma ya majora ya vitenge, na kutoka humo akaendelea kutoa amri.

"Mama Saidi, mrudishe ng'ambo ya mto!"

"Kuku?"

"Kuku! Kwani nani mwingine?"

Nilipomfukuza kuku, kifungo kimoja cheusi kilikuwa kimekwisha mezwa. Kesho yake tuliambiwa kwamba ndege wa mawe, kwa ghadhabu, amemmeza nahodha wake mwenyewe. Fundi hakupoteza kitu.

Wala hakujua njia. Mtu aliyevusha majeshi jangwani kwa kufuata nyota alishindwa kufika Kimihurura na suti ya bwana arusi. Aliondoka asubuhi, suti iko begani, akapanda kilima na kushuka kilima, na adhuhuri tukamwona anatokea upande wa pili wa msikiti wetu, jasho linamtoka, suti bado iko begani. Bwana arusi alifungishwa ndoa akiwa amevaa koti la binamu yake. "Sikupotea," Fundi alituambia akijipepea. "Nilikuwa namzunguka adui."

Yeye mwenyewe hakuvaa nguo aliyoishona. Mavazi yake yote yalikuwa caguwa, mitumba ya sokoni, na ukimwuliza alisema kwamba kinyozi hajinyoi. Alikuwa na misemo mingi ya namna hiyo. Mteja akilalamika kwamba mkono mmoja wa shati ni mrefu kuliko mwingine, alimshika mkono huo kwa huruma na kumwambia, "Pole. Ndivyo ulivyozaliwa." Suruali ikiwa fupi alisema hakuna aliyekufa kwa suruali fupi. Na msemo wake mkubwa, uliokuja kumponza, ulikuwa huu: "Mkasi hauna shemeji." Maana yake, kazi ni kazi, ukishashika mkasi usiangalie kitambaa ni cha nani.

Kati ya wale wa benchini alikuwepo bwana mmoja aitwaye Karasira, mpima ardhi, mtumishi wa wizara huko Kacyiru. Alikuja siku moja kuchukua suruali. Suruali haikuwa tayari, akaketi kusubiri, akasikia hadithi, na miezi sita baadaye alikuwa bado anakuja kila akitoka kazini, amefunga tai, mkoba uko mapajani, bila kuulizia suruali tena. Alikuwa mtu wa adabu na usahihi. Wiki ya kwanza alinyosha kidole kama mwanafunzi.

"Pardon, Fundi. Hii mto yako iko napanda mlima?"

"Ni mto wa hadithi, bwana."

"Hata ya hadithi. Maji iko natafuta chini. Kwa hii Bonde ra Chumvi, kama mlima iko hapa na hapa, mto lazima iingie ndani sana. Kolongo. Korongo refu."

Fundi alimtazama, akaitazama tepu, akaivuta polepole mpaka ikaning'inia ukingoni mwa meza. "Korongo," alikubali. Kesho yake Karasira alileta ramani ya Bonde la Chumvi aliyoichora kwenye karatasi ya miraba ya ofisini, yenye vimo vyote vya milima. Tangu siku hiyo Fundi alimwogopa na kumpenda. Kila alipotaka kusogeza jeshi alimtupia jicho kwanza.

Ndani ya nyumba, nyuma ya dirisha lililofunguka kibarazani, alikaa mkewe, Mwajuma. Ndiye aliyetia matundu ya vifungo na kukunja pindo, yaani ndiye aliyefanya nguo za Fundi zivalike. Hata yeye alimwita mumewe Fundi. Hakuwahi kukaa benchini. Lakini nilikuwa namwona kutoka dukani kwangu: mahali pa vita sindano yake ilisimama hewani, na hatari ikipita ikashuka tena.

Na chini ya barabara, kama hatua mia mbili, kulikuwa na bucha ya Ramadhani, kaka yake Mwajuma. Yeye na Fundi walikuwa marafiki wa siku nyingi, kisha wakawa mashemeji, na hapo urafiki ukaingia mchanga. Ramadhani alisema Fundi alimharibia kanzu ya Idi. Fundi alisema Ramadhani anamwuzia mifupa. Wote wawili walikuwa wanasema kweli.

Sasa, katika mwaka wa pili wa hadithi, akatokea mtu mpya. Aliitwa Dharuba, kaka wa mke wa Jabiri, mlinzi wa daraja la pekee la kuingia Bonde la Chumvi. Dharuba alikuwa mnene. Alikuwa na pengo la meno ya mbele, akitamka "s" anapiga mluzi. Alicheka kabla ya kumaliza kichekesho chake mwenyewe. Na kitu chochote alichopewa, hata barua, alikipima kwanza kiganjani kama anakisia kilo. Mtu mmoja benchini akaanza kucheka kwa pua, na mwisho wakacheka wote. Dirishani sindano ya Mwajuma ilisimama.

Ramadhani aliambiwa. Katika Biryogo habari haihitaji miguu. Mwanzoni alifurahi, kuwa mlinzi wa daraja si jambo dogo, na kwa wiki mbili watu walimsalimia buchani, "Jemadari, nipe nusu kilo." Aliwapa mnofu. Tatizo lilianza Fundi alipopanga vita vikuu. Jabiri na watu wake wamebanwa bondeni, nyuma yao mlima, mbele yao korongo. Jeshi la Moshi liko ng'ambo, majitu mbele. Daraja likifungwa, Jabiri anapona. Likifunguliwa, hapana. Na Mfalme wa Moshi amemtumia Dharuba ujumbe wa siri na mfuko wa dhahabu.

"Anaupima kiganjani," Fundi alisema, akauweka mfano wake: kifungo kikubwa cha shaba kiganjani mwake. Akatabasamu. "Kesho."

Kesho yake Ramadhani alifika kabla ya alasiri, aproni ina damu, kisu kimesahaulika mkononi. Benchi lilimpisha haraka.

"Shemeji," alisema. "Nimesikia leo nafungua daraja."

"Wewe? Nani kasema ni wewe? Ni Dharuba."

"Dharuba ana pengo?"

"Watu wengi wana mapengo."

"Wanapiga mluzi wakisema 'suala'?" Na kwa bahati mbaya, akapiga mluzi.

Hakuna aliyethubutu kucheka. Karasira alikohoa ndani ya tai yake. Dirisha likafunguka lote, na Mwajuma akatoa kichwa.

"Fundi," alisema kwa upole uliotutisha sote, "Dharuba akifungua hilo daraja kwa dhahabu, mimi nakwenda kwa kaka yangu."

Fundi aliweka kalamu ya chaki mezani. Nilimwona anahangaika, uso wake ulikwenda kwa mkewe, ukaja kwa shemeji, ukarudi kwenye meza ambako vifungo vyeusi vilikuwa vimejipanga vizuri sana. Alikuwa ameupanga usaliti ule kwa majuma mawili. Angeweza kusema neno moja tu, yakaisha. Lakini alikuwa na kichaa cha kweli, kichaa cha msimulizi.

"Mambo yalikuwa hivyo," alisema. "Mimi si mtungaji. Mkasi hauna shemeji."

Na akafungua daraja.

Mwajuma alitoka na mfuko mmoja wa nguo na pochi yake ya sindano. Alinipita bila neno, ila alinikabidhi ufunguo wa kabati la sukari. Hatua mia mbili alizitembea polepole, ili kila mtu aone.

Zilizofuata ni siku kumi na nane za taabu. Fundi alikula mkate na parachichi kaunta kwangu. Nguo zikaanza kutoka bila matundu ya vifungo. Mzee mmoja aliletewa koti lisilofungika, akaambiwa ndiyo mtindo wa sasa. Ramadhani akatangaza kwamba mtu akionekana benchini kwa Fundi asije kununua nyama kwake. Mtaa ukagawanyika. Walikuwepo waliosema Fundi amemvunjia shemeji heshima, na walikuwepo waliosema Ramadhani ni msaliti hata ukimtazama tu. Ndugu wawili wauza mkaa waliacha kusalimiana kwa ajili ya daraja ambalo halikuwahi kujengwa. Mimi nilikula samaki wa kukaushwa kwa siku kumi na nane, kwa sababu kibaraza chetu ni kimoja na Ramadhani hakuwa mtu wa kutofautisha.

Na hadithi ilisimama. Hilo ndilo lililowashangaza watu. Daraja limefunguliwa, majitu yamenyanyua mguu kuvuka, na Fundi hawezi kuendelea. Kila alasiri alikaa, akauliza, "Tuliwaacha wapi?" Benchi, au wale watatu waliobaki, wakajibu, "Darajani." Yeye akatazama dirisha lililofungwa, akasema kichwa kinamuuma.

Siku ya kumi na tisa alikuja dukani akiwa amenyoa ndevu.

"Mama Saidi, Jumapili nakwenda kumrudisha. Inabidi niende na watu wazima. Utakuja?"

"Nani atakusemea?"

"Karasira. Ana tai."

Kwa desturi yetu, mke akirudi kwao, mume haendi kumchukua kama anayechukua mwavuli. Huenda na wasemaji, wakaketi, wakaombana radhi kwa mzunguko mrefu. Jumapili hiyo baada ya adhuhuri tulikaa sebuleni kwa Ramadhani, Fundi katikati yetu kama mshtakiwa. Sinia la karanga na chupa za Fanta zilikuwa mezani na hakuna aliyezigusa. Mwajuma alikaa karibu na mlango, mikono mapajani. Karasira akasimama.

"Messieurs, na wamama," alianza. "Sisi tumekuja na unyenyekevu. Huyu bwana wetu amekosea. Si kosa ya roho. Ni kosa ya tactique."

"Kosa ya nini?" Ramadhani aliuliza.

"Ya mipango ya vita."

"Basi aitengeneze." Ramadhani alivuta kiti mbele. "Nina masharti. La kwanza, Dharuba asichukue dhahabu. La pili, daraja lisifunguliwe. La tatu..." Alisita, akafunika mdomo. "La tatu, apewe meno yote."

"Meno yote atapata," Fundi alisema haraka. "Hata ya ziada. Lakini daraja, shemeji, daraja siwezi. Limekwisha funguliwa, watu mia wamesikia. Nitalifunga vipi? Nitawaambia nini?"

"Waambie ulidanganya."

"Siwezi kusema nilidanganya!"

"Kwa hiyo ni bora mimi niwe msaliti kuliko wewe kuwa mwongo?"

Walinyanyuka wote wawili. Karasira alisema "Doucement, polepole," akapiga glasi kwa kalamu, glasi ikaanguka. Hapo ndipo Mwajuma alipocheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha uchovu, kama cha mtu aliyetazama watoto wakijaribu kufunga mlango unaovutwa upande wa pili.

"Nyinyi wanaume hamjui vita," alisema. "Kaeni chini."

Walikaa. Akasogea mezani, akavuta sinia la karanga, akasimamisha chupa ya Fanta upande mmoja.

"Huu mlima. Huku Jabiri, huku Moshi. Korongo ni hapa." Akachora kwa kidole katikati ya karanga. "Monsieur Karasira, korongo ni refu kiasi gani?"

"Refu sana, mama. Maji iko chini kabisa. Huwezi kufikia."

"Basi. Dada wa Dharuba yuko wapi?"

Fundi ndiye aliyesema, taratibu, "Yuko bondeni. Ni mke wa Jabiri."

"Sasa nyie mnadhani mtu ambaye dada yake yuko bondeni atafungua daraja kwa dhahabu?" Alimtazama mumewe, akamtazama kaka yake. "Alilifungua, ndiyo. Alichukua na dhahabu. Ili wamwamini. Akaacha nani apite kwanza?"

"Majitu," nilisema mimi, bila kukusudia.

"Majitu." Akavusha karanga kubwa kumi, moja moja, juu ya kijiko, ndilo daraja. "Yakavuka yote. Jeshi jingine bado liko ng'ambo. Hapo Dharuba akalikata daraja. Haya, majitu yako wapi?"

"Kwenye Bonde la Chumvi," Fundi alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Kwenye chumvi. Yana kiu. Na maji?"

"Chini," Karasira alinong'ona. "Hawafikii. Mon Dieu. Hawafikii! Kiu itawaua kabla hawajafika kwa Jabiri."

Fundi alikuwa ameinama juu ya sinia, midomo inamcheza. Kisha akanyanyua kichwa, na nadhani hajawahi kumtazama mkewe vile, hata siku ya ndoa yao.

"Ndivyo ilivyokuwa," alisema. "Ndivyo hasa ilivyokuwa. Mimi nilikuwa nimesahau."

"Umesahau," Mwajuma alisema, na akala jitu moja.

Ramadhani bado alikuwa na wasiwasi. "Lakini hilo daraja, anayelikata anakuwa amesimama wapi?"

Karasira alikitazama kijiko, akafunga kalamu yake. "Pale katikati," alisema kwa heshima. "Ndipo iko na kamba."

"Yaani nakufa."

"Unakufa," Fundi alisema, akamshika bega. "Lakini shemeji, nitakuua vizuri."

Alitimiza ahadi. Ile Jumatatu mtaa mzima ulikuja. Watu walisimama hadi dukani kwangu, wakaegemea majora. Wale ndugu wauza mkaa walikaa pamoja. Ramadhani alifunga bucha saa tisa, akavaa kanzu, akakaa mbele. Mwajuma hakurudi dirishani. Alitoa kiti chake nje akakiweka kichwani mwa meza, na Fundi alipouliza, "Tuliwaacha wapi?" alimwuliza yeye.

Kifo cha Dharuba kilichukua siku tatu. Siku ya kwanza alivusha majitu na kuyatania. Siku ya pili alikata kamba ya kwanza, mshale ukampata, akakumbuka utoto wake wote. Siku ya tatu alikata kamba ya pili, akamwita dada yake kutoka upande wa pili wa korongo, na dada akamsikia, na sauti yake haikuwa na mluzi. Wanawake walilia. Karasira alilia, akasema ni moshi wa pasi. Ramadhani alikuwa analia tangu siku ya kwanza, na mara mbili alimsahihisha Fundi ("Hapo nisingesema hivyo, ningesema, 'Njooni basi!'"). Jua lilipoinama siku ya tatu na Dharuba alikuwa bado ananing'inia kwa mkono mmoja, Ramadhani aliinua kiganja.

"Inatosha, Fundi. Niache nipumzike."

Fundi akamwachia. Asubuhi yake ikaletwa nyama ya mnofu mtupu kwenye jani la mgomba. Na Fundi akamshonea Ramadhani kanzu mpya, mikono yote miwili sawa. Aliiahidi Ijumaa; ilitoka Jumanne.

Baada ya hapo hadithi iliendelea, lakini ilikuwa ya watu wawili. Fundi akisogeza vifungo, Mwajuma humwambia, "Siyo hapo." Walikuwa wakibishana juu ya majeshi kama wengine wanavyobishana juu ya chumvi kwenye mchuzi.

Mwezi wa nne wa mwaka tisini na nne, mimi, mume wangu na Saidi tulikuwa Bujumbura kwenye arusi ya mdogo wake mume wangu. Tulikwenda kwa wiki moja. Tulirudi mwezi wa tisa. Sitasimulia yaliyotokea Kigali miezi ile. Sikuwepo, na waliokuwepo ndio wenye haki ya kusema au kunyamaza.

Duka langu lilikuwa kuta tu. Hata mbao za rafu zilikuwa zimeng'olewa. Nilikuwa nimerudi na vipande sita vya vitenge kwenye fuko, nikavitandika juu ya sanduku, nikakaa kuvitazama, na hapo nikasikia mtu anabisha hodi mahali ambapo mlango haukuwepo.

Alikuwa amekonda, Fundi. Ndevu zimekuwa nyeupe. Tulisalimiana kwa muda mrefu, zile salamu ambazo mtu huziongeza kwa sababu anaogopa kuzimaliza. Mwajuma akaja nyuma yake, akanikumbatia. Niliuliza habari za Karasira.

"Yuko," Mwajuma alisema. "Amerudi kazini. Alikaa kwetu."

"Siku ngapi?"

"Zote. Juu ya dari."

"Mtu mgumu kumficha," Fundi alisema. "Anakohoa. Na anakosoa. Alituambia dari imepinda."

"Imepinda kweli," Mwajuma alisema.

Tukacheka kidogo, tukashangaa kwamba tumecheka. Kisha nikauliza habari za Ramadhani.

"Alitoka kutafuta maji," Fundi alisema. "Mwezi wa tano."

Mwajuma alikuwa anakunja ncha ya mtandio wake na kuikunjua.

Ndipo nilipoona kwamba hawakuja peke yao. Nje, ukutani, walisimama mabinti wawili wa Ramadhani, mkubwa kama miaka kumi na mmoja, mdogo minane hivi. Mke wa Ramadhani alikuwa amefariki zamani. Sasa wasichana wale walikuwa wa Fundi na Mwajuma. Waliitwa, wakaingia. Wakakaa walipoonyeshwa. Nilipowauliza kama wako salama walisema "ndiyo" kwa pamoja, wakaniangalia miguu.

"Wachague kitambaa," Fundi alisema. "Nataka kuwashonea. Mimi nikiwachagulia wanasema 'sawa.' Kila kitu kwao ni sawa. Ukiwapa ugali, sawa. Ukiwapa dawa chungu, sawa."

Nikavikunjua vipande vyote sita. Wasichana wakavitazama, mikono nyuma, kana kwamba ni vitu vya msikitini. Mimi na Mwajuma tukaanza kuzungumza mambo ya bei ya sabuni, ili tusiwatazame. Dakika zikapita. Kisha yule mdogo akanyosha kidole kimoja, akagusa kitenge cha manjano chenye picha za ndege.

Mkubwa akakishika upande wa pili.

"Mimi nilikiona kwanza," mdogo akasema, kwa sauti ndogo sana.

"Hukusema."

"Nilikigusa."

"Manjano haikufai wewe. Utafanana na dumu la maji."

Kitambaa kikavutwa. Mwajuma akageuka haraka, mkono tayari umenyanyuka wa kuwatenganisha, na Fundi akaudaka mkono ule hewani.

"Waache."

"Watachana kitambaa cha watu!"

"Mama Saidi," aliniuliza bila kuwaondolea macho, "wakikichana?"

"Wakichane," nilisema.

"Tangu wamekuja kwetu," alisema polepole, "hawajagombana hata siku moja."

Tukasimama watatu, tumeegemea ukuta ulio mtupu, tukasikiliza. Mkubwa alisema mdogo ana miguu ya korongo na kichwa cha boga. Mdogo alivuta pumzi. Alichomjibu dada yake siwezi kukiandika hapa; sijui hata alikisikia wapi. Mwajuma akafunika uso wote kwa mtandio.

"Alhamdulillahi," Fundi akasema, na akakaa chini, pale pale sakafuni.